Safari ya Tiruppur na Habari za Maji Yake

Kanga nyingi zinazovaliwa leo katika pwani yetu, toka Lamu hata Kilwa, huchapwa Jetpur, mji wa Gujarat ulio kando ya mto Bhadar, na kwa muda mrefu nilikuwa na swali ambalo wafanyabiashara wa nguo niliowaendea, mabwana waungwana wote, hawakuliona kuwa na faida yoyote: maji yaliyoiosha kanga ile baada ya kutiwa rangi huenda wapi? Habari za Jetpur hazikunifurahisha, kwa kuwa mto Bhadar umepata sifa mbaya kwa ajili ya maji hayo hayo. Lakini mwenyeji wangu wa Mumbai, mtu aliyezeeka katika biashara ya pamba, akanambia kwamba kama ni radhi kusafiri kusini nitaona mji uliofanya makosa kama hayo na makubwa zaidi, ukashtakiwa na wakulima, ukahukumiwa, ukafungiwa milango, na hatimaye ukalazimishwa kuyatumia tena maji yake wenyewe. Mji huo ni Tiruppur, katika jimbo la Tamil Nadu, na kwa kuwa nilikuwa na wasaa, nikaazimia kwenda.

Nilishuka Chennai, na alfajiri ya siku ya pili nikapanda treni iitwayo Kovai Express, ambayo huondoka stesheni kuu kabla ya joto kushika, ikaikata nchi ya Watamil kuelekea magharibi kwa kupitia Arakkonam, Katpadi, Jolarpettai na Salem. Abiria walionizunguka, walipokwisha kupata idli na kahawa yao, walinihoji kwa adabu nitokako na niendako, na niliposema kwamba naenda Tiruppur kutazama maji machafu, mama mmoja mtu mzima alimwinamia binti yake akamnong'oneza jambo nisilolifahamu, nao wakacheka hata Salem. Karibu na Erode, ambako ndiko kwenye soko kubwa la manjano, treni hupita juu ya daraja la Kaveri, mto ambao kwa watu wa huku ni mama wa mpunga na chanzo cha mashitaka yasiyokwisha baina ya jimbo na jimbo. Na baada ya hapo muda si muda unaingia Tiruppur.

Si mji wa kupendeza macho, wala wenyeji hawadai hivyo. Barabara zake zimejaa baiskeli za magurudumu matatu zilizobeba majora ya kitambaa cheupe, na katika kila kichochoro husikia mashine za kufuma zikizunguka usiku na mchana, maana zaidi ya nusu ya nguo za pamba za kufuma ambazo Uhindi huziuza ng'ambo hutoka hapa: fulana, nguo za ndani, nguo za watoto wachanga, zote za kupelekwa Ulaya na Marekani, na nyingine, baada ya kuvaliwa huko na kuchokwa, huja kwetu katika marobota ya mitumba, hata nadhani wengi wa wasomaji wangu wamekwisha vaa kazi ya Tiruppur bila ya kujua. Kazi ya kutia rangi hufanywa na watu mbali na wale wanaofuma na wale wanaoshona. Mwenye kiwanda cha rangi aghalabu ni mtu wa kati, hana jina katika lebo ya nguo wala hamjui mvaaji, hupokea kitambaa cheupe asubuhi na kukirudisha chekundu jioni, na hulipwa kwa kilo.

Mto wa mji huu ni Noyyal. Huanza katika vilima vya Vellingiri, sehemu ya milima mirefu ya magharibi, hupita Coimbatore, hupita Tiruppur, kisha huangukia Kaveri. Hauna urefu wa kuwashangaza watu wa Rufiji, na ni mto wa msimu, hujaa mvua zinyeshapo na hukauka zikatikapo. Wafalme wa zamani waliifahamu vyema tabia yake, wakauchimbia mabwawa mfululizo ili maji ya masika yangoje kiangazi. Kwa hivyo viwanda vya rangi vilipozidi, katika miaka ya 1980 na 1990, mambo mawili yalitokea kwa pamoja: kwanza, hapakuwa na maji ya kutosha ya kutilia rangi, hata yakawa yakinunuliwa kutoka visima vya wakulima na kuletwa kwa malori, mpaka lilipojengwa bomba la kuleta lita milioni 185 kwa siku kutoka upande wa Kaveri, na pili, mtoni hapakuwa na maji ya kuyachanganya machafu yaliyotoka viwandani, kwa sababu katika miezi ya ukame mto wenyewe ulikuwa ni hayo machafu.

Mwaka 1992, chini ya mji, serikali ilimaliza kujenga bwawa la Orathupalayam kwa nia njema ya kumwagilia mashamba ya wilaya za Erode na Karur. Bwawa likajaa. Lakini kilicholijaza kilikuwa ni maji ya viwanda, na haikupita miaka mingi wakulima wale wale waliojengewa wakawa wanakwenda kuomba milango ya bwawa isifunguliwe, jambo ambalo sijapata kulisikia mahali pengine popote duniani. Baraza maalumu lililoundwa kupima hasara za mazingira liliamuru wakulima walipwe fidia. Chama chao cha kuulinda mto kikaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mwishoni mwa mwaka 2006 kwamba viwanda visitoe hata tone nje ya ukuta wao, na kila lita itakayotoka itozwe faini. Mahakama ya Juu ya Uhindi ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2009. Na amri ilipozidi kupuuzwa, Januari 2011 Mahakama Kuu ikafunga viwanda vyote vya kutia rangi vya Tiruppur, mia kadhaa kwa idadi, pamoja na mitambo yao ya kusafishia maji, na umeme wao ukakatwa. Mji ambao nusu ya watu wake hula kwa uzi ulikaa kimya kwa miezi. Kazi nyingine zilihamia wilaya za jirani, nyingine zilifanywa kwa kificho, na waliobaki walikopeshwa fedha na serikali ya jimbo bila riba ili wajenge walichotakiwa kujenga.

Huenda msomaji akauliza, kama nilivyouliza mimi, hiyo mitambo iliyofungwa pamoja na viwanda ilikuwa na kosa gani, ikiwa kazi yake ilikuwa ni kusafisha? Jawabu lake ndilo kiini cha habari hizi zote, nami nilipewa na bwana mmoja mhandisi, mtu wa makamo, mpole wa maneno, anayesimamia mtambo unaopokea maji ya viwanda kadhaa kwa pamoja, ambaye alikubali kunionyesha kila kitu kwa sharti kwamba nisiutaje mtambo wake kwa jina.

Pamba, alisema, haipendi rangi. Zile rangi zinazotumika sana leo, ambazo zilianza kuuzwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956, hufunga ndoa ya kikemia na uzi, na ndiyo maana hazichujuki; lakini uzi na rangi, vikiwa majini, vyote viwili hubeba chaji ya umeme ya namna moja, hasi kwa hasi, na kwa hivyo husukumana. Mpatanishi wao ni chumvi. Katika kila lita ya maji ya kutilia rangi hutiwa chumvi gramu 40, na rangi ikiwa ya kukolea hufika hata 100, nayo huiondoa rangi majini na kuisukuma iende katika uzi. Kazi hiyo ikiisha, ile chumvi haikupungua hata chembe: haikuingia katika nguo, haikugeuka kitu kingine, na yote kamili hutoka na maji ya kuoshea, pamoja na robo au zaidi ya rangi iliyoshindwa kushika. Basi mitambo ya kwanza ya Tiruppur, iliyojengwa katika miaka ya 1990, ilitumia chokaa na salfeti ya chuma kuigandisha rangi ili izame, na ikafaulu kadiri yake, maji yakatoka meupe kuliko yalivyoingia. Ila chumvi ilipita kama ilivyokuja, na ile chokaa na ile salfeti zikaongeza yao juu. Mto ukawa haupendezi wala hauchukizi sana kuutazama, na mashamba yakaendelea kufa. Wenye macho waliridhika, lakini mmea hunywa kwa mizizi.

Hapo mhandisi akanichukua kuuona mtambo wake, na nitausimulia kwa utaratibu tulioufuata, ingawa mwanzo wake hauna ajabu. Maji huingia kwa bomba yakiwa moto, yenye rangi ya zambarau iliyokaribia weusi siku ile, hupitishwa katika chekeche za kunasa nyuzinyuzi, kisha hukaa siku nzima katika birika kubwa ili wekundu wa kiwanda hiki uchanganyike na ubuluu wa kile na mtambo usishtushwe na mabadiliko ya ghafla. Kutoka hapo huingia katika mahodhi ya bakteria, ambamo hewa hupulizwa chini kwa chini na viumbe wale hula sabuni, mafuta na kila kinacholika, wakibaki katika hali ya tope la hudhurungi linalochemka mapovu. Harufu yake si mbaya kama nilivyoogopa. Tope likiisha kutua, maji hupita katika mchanga, ikiwa lazima hutiwa dawa ya kuondoa rangi iliyobaki, na hufika mahali ambapo kwa muda wote wa safari ndipo nilipokuwa nakusudia kufika, yaani kwenye tando.

Tando za kwanza ni mirija myembamba ya plastiki, maelfu kwa maelfu, yenye matundu ambayo unywele wa mtu ukiwekwa kando yake huwa ni gogo, kwa kuwa matundu hayo hupimwa kwa sehemu za mia za mikroni moja ilhali unywele ni mikroni 70 au zaidi. Hizi huzuia bakteria na uchafu wote unaoelea, lakini chumvi, ikiwa imeyeyuka, hupita humo bila ya kubisha hodi. Za pili ndizo zenye hikima. Mnamo mwaka 1748 padri wa Kifaransa, Jean-Antoine Nollet, aliufunga mdomo wa chupa ya mvinyo mkali kwa kibofu cha nguruwe, akaitumbukiza majini, akaona kibofu kikivimba kwa maji yaliyokuwa yakiingia yenyewe; maana maji, yakitenganishwa na mchanganyiko mzito kwa ngozi inayoyapisha hayo tu, huelekea kwenye uzito. Ukitaka kuyarudisha nyuma, yatoke kwenye chumvi yaende kwenye usafi, huna budi kuyasukuma kwa nguvu inayoshinda ile tamaa yao ya asili. Jambo hilo lilijulikana kwa muda mrefu na halikuwa na faida, kwa kuwa kila ngozi iliyojaribiwa ama ilipasuka ama ilipitisha maji kidogo mno, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Sidney Loeb na mwenzake Srinivasa Sourirajan, mzaliwa wa Uhindi, walipofaulu kutengeneza utando wenye uso mwembamba sana juu ya mgongo mnene wenye vishimo, ambao uso huchuja na mgongo hubeba. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, huko huko California, ulianza kunywa maji yaliyosafishwa kwa njia hiyo.

Kwa macho, hakuna cha kuona. Ni chumba kirefu chenye safu za mapipa membamba meupe yaliyolazwa, na katika kila pipa mna tando kadhaa zilizokunjwa duara, kila moja ikiwa na urefu wa mita moja na upana wa inchi 8, na ndani ya mkunjo huo, ukiukunjua wote, kuna karibu mita za mraba 37 za utando. Pampu hulia kwa sauti ya juu hata mhandisi akawa ananena nami kwa mkono. Mwanamke wa Kiswahili anayeshika kifumbu chake cha tui angelifahamu jambo hili mara moja: unakamua, kilicho chepesi kinapita, machicha yanabaki, tofauti ni kwamba hapa machicha ni chumvi isiyoonekana, na mkono unaokamua ni mota inayosukuma kwa makumi ya mara ya uzito wa hewa. Alinichotea maji yaliyopita katika gilasi. Yalikuwa maangavu kabisa, na ladha yake, kwa sababu yameondolewa hata zile chumvi chache ambazo ulimi umezoea, ilikuwa kama si ladha. Watia rangi, alisema, huyapenda kuliko maji ya bomba, kwa kuwa maji yasiyo na chokaa hayachezei rangi, na kitambaa cha leo hufanana na cha jana.

Lakini tando hizi ni viumbe dhaifu wenye kudeka. Klorini iliyotumika kuua bakteria huzila, kwa hivyo sharti iondolewe kabla. Chokaa na silika hugandia juu yao. Uzi mmoja ulioponyoka hujikunja mlangoni na kuziba. Mabaki ya rangi hunata. Kila baada ya muda huoshwa kwa asidi ya ndimu na kwa magadi, na pamoja na kutunzwa vyema hazikai sana kabla ya kubadilishwa, nazo hazina bei ndogo. Nilitambua hapo kwamba yale mahodhi na mchanga niliyoyapita kwa haraka ndiyo yaliyo kazi hasa, na kwamba mtu anayenunua tando bila ya kuwa na subira ya kuwalisha bakteria amenunua hasara.

Sasa natakiwa kusema jambo ambalo vitabu vya kutangaza mitambo hii hulipitia mbio. Utando hauangamizi kitu. Hugawanya tu. Maji yaliyoingia hapa yakiwa na gramu 6 za chumvi katika lita, na tuseme tisa katika sehemu kumi zake zimerudishwa viwandani zikiwa safi, basi ile sehemu ya kumi iliyobaki imebeba mzigo wa ndugu zake wote, na chumvi yake ni gramu 60 katika lita, ilhali Bahari ya Hindi yenyewe haina ila kama 35. Mji ulio pwani hushawishika kuyatupa maji hayo baharini na kunyamaza. Tiruppur hauna bahari, na mahakama imekwisha kuuzibia mto. Je, yaende wapi?

Jawabu la kwanza ni moto. Nyuma ya chumba cha tando kuna minara ya chuma cha pua ambamo maji hayo ya chumvi huchemshwa katika utupu, na mvuke wa chombo cha kwanza hutumiwa kukichemsha cha pili, na wa pili cha tatu, ili joto lisipotee. Maana kama lingeachwa lipotee, kila mita ya ujazo ya maji ingedai zaidi ya kilowati-saa 600 ili iwe mvuke, na kwa gharama hiyo hapana fulana ambayo mtu angeinunua. Tando hufanya kazi kama hiyo kwa kilowati-saa chache, na hii ndiyo sababu ya kuzisukuma mpaka mwisho wa uwezo wao kabla ya kuwasha moto. Na moto wenyewe, katika mji huu, ni wa kuni zaidi: niliona malundo yake yamepangwa uani, yamefika juu ya vichwa vyetu. Sikuweza kujizuia kumwuliza mhandisi kama kuutakasa mto kwa kukata miti ni biashara ya haki. Akanijibu kwamba umeme wao sehemu kubwa hutoka kwenye vinu vya upepo, ambavyo kweli wafanyabiashara wa Tiruppur wamevijenga kwa wingi katika jimbo hilo, na kuhusu kuni akasema huuliza swali hilo yeye mwenyewe, kisha akaendelea na maelezo ya minara.

Jawabu la pili ndilo lililonipendeza zaidi. Chumvi ya kawaida, maji yake ukiyapoza, uyeyukaji wake haubadiliki sana. Lakini salfeti ya sodiamu, ambayo Tiruppur huitumia sana katika kutia rangi mahali pa chumvi ya kawaida, ina tabia ya pekee, kwamba uyeyukaji wake hupanda mpaka nyuzi 32.4 za joto, na ukiipoza chini ya hapo huanguka upesi katika fuwele kubwa zenye kushikilia maji ndani yake, ziitwazo chumvi ya Glauber, zikiacha vingi vya vitu vingine vikiwa vimeyeyuka majini. Kwa hivyo, baada ya kuyachemsha maji yale, watu hawa huyatia katika chombo chenye ubaridi kama wa jokofu, na chumvi hujitoa yenyewe, nyeupe, yenye kung'aa, na baada ya kukaushwa hurudi katika magunia kwa yule yule mtia rangi aliyeitoa. Na wako waliokwenda hatua moja mbele: wakaona ni upuuzi kuchemsha maji ya chumvi kwa kuni ili kupata chumvi kavu, kisha kuiyeyusha chumvi hiyo tena katika maji ili kutia rangi, ikiwa mtia rangi hutaka gramu 60 katika lita na hayo maji yaliyobaki katika tando yana gramu 60. Wakayaondoa rangi na chokaa, wakayapeleka viwandani yalivyo. Nilikutana na fundi mmoja mtia rangi, mtu wa mikono iliyokoza rangi hata kwenye vifundo, ambaye alikiri kwamba alipoletewa maji hayo kwa mara ya kwanza aliyakataa, kwa kuogopa kwamba wekundu wake utapotoka na mnunuzi wa Ujerumani atarudisha mzigo. Alijaribu kwanza na nyeusi, kwa kuwa nyeusi husamehe, na sasa huyatumia kwa rangi nyingi za kukolea, ila si kwa zile za kupauka.

Hata hivyo kuna mabaki ya mabaki. Mwisho wa minara, baada ya salfeti kutolewa na maji kurejeshwa, husalia chumvi mchanganyiko, ya kahawia, yenye kloridi, chokaa na masalia ya rangi, ambayo hakuna mtu anayeitaka na sheria huihesabu kuwa ni sumu. Imejazwa katika mifuko, mifuko imepangwa katika mabanda yenye paa ili mvua isiiguse, na mabanda yanaongezeka. Mhandisi alinipitisha hapo bila ya kusimama sana. Nilihesabu kwamba ndilo jengo pekee la mtambo lisilo na mashine ndani yake, na nadhani ndilo linaloeleza ukweli wote wa kazi hii, kwamba uchafu uliokuwa umetandazwa katika mto mzima, hata hapakuwa na mtu aliyelazimika kuuona, sasa uko mahali pamoja, una mwenyewe, una mlango na kufuli. Kwa rai yangu hayo ni maendeleo makubwa. Lakini si usafi, na anayeyaita usafi anawadanganya wanunuzi wake.

Gharama zote hizi humwangukia nani? Si mnunuzi wa Ulaya, ambaye huagiza fulana kwa bei ya mnada na akiona senti chache zimezidi huenda mji mwingine au nchi nyingine ambako majaji ni wapole zaidi. Humwangukia mtia rangi, naye huipitisha kadiri awezavyo kwa mfumaji na mshonaji. Ndiyo maana, nilipoulizwa mezani na wenyeji wangu kama kwetu Afrika Mashariki tungependa mitambo kama hii, nilisita. Nilikumbuka mto Msimbazi wa Dar es Salaam, ambao umepokea maji ya viwanda vya nguo kwa miaka mingi, nikasema kwamba mitambo inapatikana kwa fedha, na fedha huweza kukopwa, lakini kilichoijenga ile ya Tiruppur ni chama cha wakulima wakaidi na mahakama iliyokata umeme, na hivyo viwili haviuzwi katika maonyesho ya viwanda.

Kabla ya kuondoka nilitaka kuwaona hao wakulima. Kijana mmoja mwanafunzi, aliyekubali kunitafsiria, alinipandisha nyuma ya pikipiki yake tukafuata barabara ya mashariki, tukapita ng'ombe wa Kangayam wenye nundu na pembe nzito, ambao ni fahari ya nchi hii, hata tukafika Orathupalayam. Bwawa lilikuwa karibu tupu, sakafu yake ni tope lililopasuka, majani yakiota pembezoni. Chini yake tukamkuta mzee mmoja, taulo begani, aliyetukaribisha chini ya minazi yake, nami nikaingiwa na furaha ya kuona kwamba katika mimea yote aliyokuwa nayo baba yake, manjano, ndizi na mpunga, ule uliosalia imara ni mnazi, mti uliozoea chumvi tangu kwetu pwani. Siku hizi hupanda mtama wa kulisha ng'ombe. Fidia aliyopewa aliitumia kuchimba kisima kirefu zaidi, akayapata maji, nayo yalikuwa ya chumvi pia. Alikuwa na kipimo kidogo cha mfukoni, cha namna inayouzwa madukani kwa watu wa mitambo. Akakitia katika ndoo, na namba iliyotoka ilizidi miligramu 2,100 za chumvi katika lita, ambazo serikali imeziweka kuwa mpaka wa maji yanayotoka viwandani. Ni chumvi ya zamani, alisema, iliyokwisha kushuka chini ya ardhi kabla ya mahakama; huondoka kidogo kidogo kila masika mazuri, na masika mazuri ni machache.

Nilimwuliza kama angependa viwanda vifungwe tena, kama mwaka 2011. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Wakwe zake wawili hushona Tiruppur, na viwanda vilipofungwa walikuja kukaa kwake na watoto wao wote. Alichotaka, kwa maelezo ya kijana wangu, ni jambo moja tu: kwamba yule afisa wa serikali anayekuja kupima maji ya mto aache kuja saa nne asubuhi, aje usiku, tena usiku wa mvua kubwa, maana huo ndio wakati ambapo mwenye kiwanda asiye na haya hufungua bomba lake, na kukicha mto huwa umekwisha kumfichia siri.